Frontosa au duboisi: samaki yupi wa Ziwa Tanganyika afaa tangi lako?

Mtu wa Kigoma akitaka tangi la samaki sebuleni, au mwenye nyumba ya wageni Tabora akitaka kupendezesha mapokezi, mara nyingi hubaki na majina mawili mezani: frontosa na duboisi. Wote wawili ni wa ukoo mmoja na sato. Wote hulea mayai mdomoni, na hakuna kati yao anayepatikana kiasili nje ya Ziwa Tanganyika. Kufanana kwao kunaishia hapo. Frontosa ni samaki wa kilindini, mzito, wa mwendo wa taratibu, anayekula samaki wenzake. Duboisi ni wa kwenye mawe karibu na ufuko, mkorofi, na maisha yake yote anagugunia mwani. Ukimnunua mmoja kwa maandalizi ya mwingine, usishangae kuanza kuzika samaki kabla mwezi haujaisha.

Mwenye haraka ajiulize maswali mawili. La kwanza: una nafasi ya tangi la lita 500 au zaidi, na sakafu ya kulibeba? Kama huna, mwache frontosa. La pili: je, kuna watu wengine watakaokuwa wanatupia chakula tangini, kama watoto, wageni au mhudumu wa zamu ya usiku? Kama wapo na huwezi kuwazuia, mwache duboisi. Maswali mengine yote yana dawa. Haya mawili hayana.

Unachokiona kwenye kioo

Frontosa, kwa jina la kisayansi Cyphotilapia frontosa, alielezwa na Boulenger mwaka 1906. Ni wa nusu ya kaskazini ya ziwa. Wale wa kusini walitengwa mwaka 2003 wakapewa jina lao, Cyphotilapia gibberosa. Mwili wake ni mweupe wenye ubuluu, umekatwa na mistari mipana myeusi ya wima, na mapezi yake yana ncha ndefu za buluu zinazofuata nyuma kama pindo la kanzu. Frontosa wa Kigoma anajulikana na wafugaji wa dunia nzima kwa mistari yake saba, ukihesabu kuanzia ule wa kichwani, wakati wenzake wana sita. Dume hufika sentimita 30 hadi 35, jike 25 hivi. Nundu ya kwenye paji la uso huota kwa dume na kwa jike, ila ya dume huwa kubwa zaidi, nayo huchukua miaka. Kwa hiyo anayekuuzia samaki wa sentimita 12 na kukuhakikishia kuwa ni dume kwa sababu ya nundu anabahatisha.

Duboisi, Tropheus duboisi, alielezwa na Marlier mwaka 1959. Huyu hufika sentimita 12 tu. Kifaranga chake ndicho kinachowavutia wanunuzi: mweusi tii mwenye madoadoa meupe, kama manyoya ya kanga. Lakini elewa kabla hujatoa fedha kwamba madoadoa hayo hayadumu. Akifika sentimita 5 au 6 huanza kufifia, na kwa miezi kadhaa anakuwa na sura ya samaki aliyepauka, wengine hudhani anaumwa. Baadaye kichwa hugeuka buluu, mwili hubaki wa giza, na mkanda mweupe au wa njano huzunguka kifua. Upana na rangi ya mkanda hutegemea alikotoka. Wa Maswa, kusini mwa mji wa Kigoma, anasifika kwa mkanda mpana wa njano.

Kuna tofauti nyingine ambayo picha hazioneshi. Frontosa husimama. Atakaa mbele ya pango lake dakika kumi akikutazama, na akihama huhama kama meli inayoondoka bandarini. Duboisi hatulii hata kidogo: anakwangua jiwe, anamfukuza mwenzake, anarudi, anakwangua tena. Kwa chumba cha mapokezi ambako mtu anakaa akisubiri, frontosa hutuliza macho. Nyumbani kwenye watoto wanaotaka kuona vitu vinatembea, duboisi anapendeza zaidi.

Tangi, mawe na mwanga

Kundi la frontosa, yaani dume mmoja na majike watatu hadi watano, linahitaji tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60. Hilo ni lita 648 likijaa hadi ukingoni. Mwambie fundi atumie kioo cha milimita 12 na silikoni ile yenye harufu ya siki, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni nyingi za bafuni zina dawa hiyo, nayo huua samaki. Ikishapakwa iache wiki nzima ikauke kabla ya kutia maji. Ukijumlisha maji, kioo, mchanga na mawe, sakafu inabeba zaidi ya kilo 800. Stendi ya chuma cha pembe au ya mbao za mninga inatosha, na mninga Tabora hautafutwi mbali, lakini iwe juu ya sakafu ya zege iliyokaa sawasawa. Tofauti ya nusu sentimita kati ya kona na kona inatosha kupasua kioo cha chini.

Duboisi kumi na watano wataenea kwenye tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, lita 300, kioo cha milimita 10. Ni chini ya nusu ya gharama, na linaingia hata kwenye chumba cha kupanga.

Mawe yapangwe tofauti. Kwa frontosa weka mawe makubwa machache, mapango mawili au matatu yenye mdomo wa kumtosha samaki mwenye kimo cha kiganja, kila moja upande wake, katikati paachwe wazi na mchanga mwembamba. Kwa duboisi jenga lundo: mawe ya ukubwa wa ngumi hadi kichwa cha mtoto, yapande karibu na uso wa maji, yawe na mianya mingi ya kupita samaki anayekimbizwa. Katika matangi yote mawili mawe hutangulia, yakakaa juu ya kipande cha povu kilichotandikwa chini, kisha mchanga ndiyo ufuate. Ukianza na mchanga, samaki watafukua, jiwe litateleza, na jiwe likiteleza usiku asubuhi unakuta maji yako sakafuni.

Frontosa anatoka kwenye kina cha mita 20 na zaidi, ambako mwanga ni hafifu. Mpe taa ndogo, na usiiwashe ghafla chumba kikiwa giza, kwa sababu hushtuka na kujipigiza kwenye kioo hadi kupasua mdomo. Washa taa ya chumba kwanza, subiri robo saa. Duboisi anatoka kwenye mita 3 hadi 15, kwenye mawe yanayopigwa na jua. Mpe mwanga mkali wa saa 8 hadi 10 kwa siku, mwani uote juu ya mawe. Wengi wanaofuga samaki wengine husugua mwani. Mfugaji wa duboisi husugua kioo cha mbele tu, kwingine kote anauacha, maana ni malisho.

Maji ya Kigoma na maji ya Tabora

Hapa mkazi wa Kigoma ana bahati ambayo wafugaji wa Ulaya wanailipia. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha uchachu wa maji: kadiri namba inavyopanda, ndivyo uchachu unavyopungua) ya 8.6 hadi 9.2 na madini mengi, hasa magnesi, na ndiyo maji ambayo samaki hawa wameumbiwa. Maji ya bomba ya Kigoma mjini yanatoka ziwani humo humo. Kazi yako ni kuondoa klorini tu: yaache kwenye pipa lililo wazi saa 24, pampu ya hewa ikipuliza. Ukichota mwenyewe ziwani, nenda mbali na bandari na mialo ya mitumbwi ya injini. Tone la mafuta linalotanda juu ya maji huzuia hewa kuingia.

Tabora ni habari nyingine. Maji yanayofika kule, ya bwawa la Igombe au ya bomba kutoka Ziwa Victoria, ni laini. Maji ya Victoria yana madini kiasi cha moja ya sita tu ya yale ya Tanganyika. Frontosa mtu mzima huvumilia upungufu huo kwa muda, lakini rangi hufifia na majike huacha kutaga. Duboisi hudhoofika upesi zaidi. Tiba yake ipo madukani na ni rahisi. Kwa kila lita 100 za maji mapya:

Bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuokea mikate, gramu 40.
Chumvi ya haluli, gramu 40.

Vikoroge kwenye ndoo hadi viyeyuke vyote, ndipo umimine kwenye pipa la maji mapya. Usitupe unga wowote moja kwa moja tangini, samaki atauvuta kwenye mashavu. Haluli inaleta magnesi kwa kiwango kinachokaribia kile cha ziwani, na bikaboneti inashikilia pH isishuke. Kama tangi tayari lina maji laini na samaki ndani, wapandishe kwa wiki mbili hadi tatu kupitia mabadiliko ya kawaida ya maji. Ukipandisha kwa siku moja unawaunguza. Chumvi ya mezani haina kazi hapa, na magadi ya mboga yasitumike, kwa sababu kipimo chake hakijulikani na hubeba uchafu.

Joto nalo. Wote wawili wanataka nyuzi 25 hadi 27. Kigoma hita hutumika kidogo, labda usiku wa Juni na Julai. Tabora miezi hiyo usiku hushuka karibu na nyuzi 15, hita ni lazima. Piga hesabu ya wati moja kwa lita moja, na ugawe kwa hita mbili: kwa tangi la lita 300, mbili za wati 150. Hita moja ikikwama ikiwa imewaka, haitakuwa na nguvu ya kuwachemsha samaki peke yake. Ikikwama ikiwa imezima, ya pili itakufikisha asubuhi. Oktoba mambo hugeuka, joto la Tabora linaweza kulipandisha tangi hadi nyuzi 30. Fungua kifuniko, elekeza feni juu ya uso wa maji, ongeza pampu ya hewa, kwa kuwa maji ya moto hushika hewa kidogo.

Na sasa jambo linaloua samaki wengi kuliko yote yaliyotajwa. Uchafu wa samaki hutoa amonia. Katika maji ya pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo iko katika hali ya sumu kali. Katika pH 9, kwa joto hilo hilo, ni zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana tangi ambalo lingemvumilia sato linamuua frontosa. Chujio liwe limezoea kabla samaki hawajafika: liendeshe wiki 4 hadi 6, ukitupia punje chache za chakula kila siku ili bakteria wanaokula amonia wazaliane, au chukua sponji chafu kutoka kwenye tangi la mtu ambalo samaki wake ni wazima. Chujio lizungushe maji yote ya tangi mara 5 hadi 8 kwa saa: kwa frontosa ni lita 3,500 hivi kwa saa, kwa duboisi lita 2,000 na zaidi kidogo. Kila wiki badilisha asilimia 30 ya maji. Sponji isuuzwe kwenye maji yaliyotolewa tangini, kamwe si ya bomba, kwa kuwa klorini huua bakteria wote.

Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, usiwashe chujio la kopo, yaani lile lililofungwa pande zote na kukaa nje ya tangi, kabla ya kulifungua na kumwaga maji yaliyolala ndani. Hayo yameshaoza. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwepo kwa tangi lolote kati ya haya mawili, na kwa frontosa wakubwa sita iwepo mbili.

Chakula ndicho kinachoamua

Frontosa kwao hula samaki wadogo, na huwanasa alfajiri na magharibi wakiwa bado wazito. Mwili wake umezoea mlo mkubwa na mapumziko marefu. Mlishe mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika tatu, na siku moja kwa wiki asile kabisa. Chakula cha punje kinachozama ndicho cha msingi. Dagaa wa Kigoma wanamfaa mara mbili kwa wiki, lakini uwaandae. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga: waloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, uwasugue kwa vidole, mwaga, suuza tena hadi maji ya bakuli yawe meupe na chini pasibaki chembe. Toa vichwa. Kisha dondosha mmoja kwenye kikombe cha maji: akielea, bado ana hewa, mrudishe kwenye kuloweka. Akizama, yuko tayari.

Kikombe hicho si anasa. Frontosa akifuata chakula kinachoelea humeza hewa pamoja nacho, na baada ya hapo utamkuta mkia umeelekea juu, anapambana kushuka na hawezi. Ikitokea, usimlishe siku tatu, zima taa, mwache. Wengi hupona wenyewe. Ukirudia kosa, kuna siku hatarudi chini.

Duboisi ni kinyume chake kabisa. Utumbo wake ni mrefu mno, umejiviringa mara nyingi, kwa sababu mwani una lishe kidogo na unahitaji muda kumeng'enywa. Ukimpa dagaa, nyama, minyoo au ugali, chakula hicho kinakaa ndani kikiwa kinaoza, vijidudu vinavyoishi tumboni vinalipuka, na tumbo linavimba. Huo ndio ugonjwa wa uvimbe, na kwa kundi la duboisi ni moto wa kichaka.

Mlo wa duboisi ni huu. Vipande vya spirulina, chakula cha dukani cha mwani uliokaushwa, mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, kila mlo uishe kwa sekunde 30 hadi 60. Mchicha uliotumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, ukapoozwa, ukafungwa kwenye jiwe. Njegere zilizochemshwa na kumenywa ganda, zikapondwa. Na kuna njia isiyogharimu chochote kwa aliye karibu na ziwa: chukua mawe manane bapa, yaweke kwenye beseni jeupe lenye maji ya ziwa, liache juani wiki mbili. Yakishavaa utando wa kijani, tia mawili tangini, na baada ya siku mbili yatoe uyarudishe beseni, utie mengine mawili. Utawaona wakipangana juu ya jiwe, vichwa chini, na midomo inakwangua kama msasa. Kwenye beseni badilisha maji kila baada ya siku nne ili mbu wasizaliane.

Dalili ya uvimbe ya kwanza si tumbo. Ni samaki anayekimbilia chakula, akakitia mdomoni, akakitema. Akifanya hivyo mara mbili, chukua hatua siku hiyo hiyo. Ukisubiri kinyesi cheupe chenye kuvutika kama uzi na tumbo lililojaa, umechelewa. Simamisha chakula tangi zima. Badilisha asilimia 30 ya maji. Toa mkaa kwenye chujio kama upo, maana utafyonza dawa. Saga vidonge vya metronidazole vya miligramu 200, kidonge kimoja kwa kila lita 30, koroga kwenye maji ya vuguvugu, mimina taratibu. Ruka siku moja, badilisha maji, rudia. Mara tatu kwa jumla. Watibu wote hata kama ni mmoja aliyeugua, kwa sababu wote wamekula chakula kile kile.

Kutokana na haya, swali la kuwaweka tangi moja limeshajijibu. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu frontosa mkubwa hawezi kummeza duboisi mkubwa. Lakini chakula cha mmoja kinamuua mwenzake, vifaranga vya duboisi huliwa vyote, na pilikapilika za duboisi humfanya frontosa ajifiche pangoni siku nzima.

Idadi na ugomvi

Usinunue duboisi watano. Hili lirudiwe kwa kila muuzaji anayesema "anza na wachache kwanza". Katika kundi dogo, dume mwenye nguvu humchagua mmoja na kumfukuza hadi afe, kisha anamhamia wa pili. Baada ya miezi mitatu unabaki na samaki mmoja, mnene, mwenye tangi lake. Nunua 12 hadi 20 kwa mpigo, wa umri mmoja, wa sentimita 4 hadi 6. Ugomvi ukigawanywa kwa wengi hakuna anayeumia sana. Usiongeze mgeni baadaye. Ikibidi kuongeza, ongeza sita au zaidi, na siku hiyo upange mawe upya yote ili hakuna anayekuwa na mtaa wake wa kutetea.

Frontosa ni mpole kwa wenzake na unaweza kuanza na wadogo wanane, ukangoja wakue, ukapunguza madume ya ziada. Subira ndiyo gharama yake. Hukua polepole, na mara nyingi miaka mitatu hupita kabla ya kutaga. Huishi miaka 20 na zaidi akitunzwa vizuri, kwa hiyo fikiri kama mtu anayepanda mwembe.

Kuzaliana

Anayetaka vifaranga vya kuuza ajue hakuna kati ya hawa anayezaa kama sato. Jike wa frontosa hutaga mayai 20 hadi 50 na kuyabeba mdomoni wiki tano hadi sita. Duboisi hutaga 5 hadi 15 tu, makubwa ajabu kwa mwili wake, na hubeba wiki nne. Lakini duboisi hupevuka ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, na vifaranga vyake vinajificha kwenye mianya ya mawe na vingi hupona bila kuguswa. Jike wake anayelea usimtoe: akitengwa hupoteza cheo chake kundini, na siku ya kurudi hushambuliwa kama mgeni. Jike wa frontosa unaweza kumhamisha tangi la pembeni wiki ya nne, kwa bakuli wala si kwa wavu, maana kwenye wavu hutema. Vifaranga vyake hutoka vikiwa na zaidi ya sentimita 2, na huanza kula punje zilizopondwa siku hiyo hiyo.

Kununua, na safari ya kwenda Tabora

Idadi hiyo ndogo ya mayai ina maana yake ziwani. Mwamba uliovuliwa duboisi wote haujazi tena haraka, kwa sababu samaki huyu havuki mchanga kuhamia mwamba mwingine. Nunua waliozalishwa tangini ukiwapata. Ukinunua wa ziwani, muuzaji awe na leseni ya uvuvi, na asiwe ametoa samaki kwenye maji ya Hifadhi ya Mahale, ambako ukanda wa kilomita 1.6 kutoka ufukweni umelindwa.

Frontosa wa ziwani ana mtihani wa pekee. Mita 30 chini, mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, na kibofu chake cha hewa hakina mlango wa kutolea. Akivutwa juu kwa pupa hewa hiyo hutanuka mara nne ndani ya mwili. Wapiga mbizi waangalifu humpandisha kwa vituo, siku kadhaa, kwenye kizimba. Muulize muuzaji alipandishwa kwa siku ngapi. Kisha mtazame dakika tano: anayesimama sawasawa majini bila kupiga mapezi kwa nguvu ni mzima. Anayeinamisha kichwa, mkia juu, mwache. Kwa duboisi, mchukue yule anayekwangua vioo. Anayening'inia kona ya juu, mapezi yamefungwa, ameshapigwa.

Usichanganye duboisi wa Maswa na wa Kigoma tangi moja, watazaa machotara wasio na jina. Na aliyechoka kufuga asiwamwage ziwani, hata kama ziwa liko mlangoni. Duboisi wa Maswa akiachiwa kwenye mawe ya Kigoma anaharibu mbegu ambayo haipo mahali pengine.

Kwa treni, Kigoma hadi Tabora ni kilomita 400 na kidogo, na safari ni ndefu hata siku isiyo na ucheleweshaji. Frontosa wasile siku tatu kabla, duboisi siku mbili, ili wasichafue maji ya mfuko. Tumia mifuko ya plastiki mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu miiba ya mgongoni hutoboa, na pembe za chini uzifunge kwa utepe ili samaki asibanwe. Maji theluthi moja, oksijeni ya mtungi theluthi mbili. Frontosa wa sentimita 20 apate mfuko wake na lita 10 za maji. Panga mifuko kwenye boksi la povu, ufunge. Giza linawatuliza na povu linazuia baridi ya usiku.

Hatua ya mwisho iko Tabora, na ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Ndani ya mfuko hewa chafu imeshusha pH, na amonia iliyokusanyika imelala bila sumu kali. Mara unapofungua, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, amonia huamka. Kwa hiyo usikae nusu saa na mfuko wazi ukiongeza kikombe cha maji baada ya kikombe. Tangi liwe tayari na maji yaliyotiwa haluli na bikaboneti tangu jana yake. Acha mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa dakika 20 ili joto lilingane, fungua, mwaga maji yake kwenye ndoo kupitia wavu mpana, na samaki aingie tangini papo hapo. Maji ya mfuko yasiguse tangi. Zima taa hadi kesho. Duboisi wape spirulina kiasi cha kubana kwa vidole viwili asubuhi. Frontosa wasubiri hadi siku ya pili.